Kituo cha afya cha Kadutu: vitamini kwanza, serumu baadaye

Naandika kwa ajili ya familia za Bukavu zenye ndugu aliyezoea kanyanga, pombe kali ya kienyeji, kwa sababu sisi tulichelewa kuelewa kwamba alichokuwa nacho baba mdogo hakikuwa ulevi. Alikuwa hajanywa kwa siku 2, lakini alitembea akiyumba huku amepanua miguu, macho yakimchezacheza, na alituita kwa majina ya watu waliokwisha kufariki. Zahanati ya kwanza ilimtundikia serumu (dripu) ya sukari bila kuuliza alikula nini mwezi mzima, na ilipofika jioni alikuwa amezidiwa.

Katika kituo hiki kidogo cha Kadutu, daktari aliuliza kwanza anakunywa nini na anakula nini. Tulipojibu kwamba ni kanyanga na ugali kidogo wa muhogo, tena siku nyingine hata huo hakuugusa, aliagiza vitamini B1 ya mshipani, dozi kubwa, mara kadhaa kwa siku, na serumu ya sukari ikasubiri. Alitueleza kwa subira kwamba akiba ya vitamini hiyo huisha mwilini ndani ya wiki chache, kwamba pombe huzuia utumbo kuifyonza na ini kuihifadhi, ndiyo maana vidonge havitoshi, na kwamba bila hiyo ubongo hauwezi kutumia sukari, hivyo sukari ikitangulia humaliza hata kile kidogo kilichobaki. Ugonjwa huo wa ubongo unaotokana na upungufu wa vitamini B1, ulioelezwa na Carl Wernicke mwaka 1881, daktari aliutambua kwa kumtazama mgonjwa na kutusikiliza.

Macho yalitulia siku iliyofuata, lakini kumbukumbu haikurudi. Wiki moja baadaye baba mdogo alitusimulia, bila shaka yoyote usoni, jinsi alivyovuka ziwa jana yake kwenda kisiwa cha Idjwi, ilhali hakuwa ameondoka kitandani. Mimi nilimkaripia, jambo ninalolijutia, kwani hakuwa akidanganya: ubongo ulikuwa ukijaza pengo, hali inayojulikana kwa jina la Korsakoff.

Bei zilibandikwa ukutani na ndizo tulizolipa. Hata hivyo, ampulu za vitamini hiyo ziliisha usiku wa pili, tukazitafuta nje kwa taabu, na hilo halipaswi kutokea kwa dawa ambayo saa chache huamua mengi. Tena ganzi na moto wa nyayo za baba mdogo, ambao pia hutokana na upungufu wa vitamini, haukupangiwa ufuatiliaji wowote. Tumerudi mara 2, na kila mara tumelazimika kusimulia habari yote upya. Kwa usiku wa dharura, ningempeleka hapo tena.