Koti la Mvua, Hema na Kifuniko cha Begi kwa Kitu Kimoja: Kipi Ununue?

Jioni moja ya mwezi wa nne, kwenye njia ya msituni juu ya Lushoto, nilivua koti la mvua huku mvua inanyesha. Sikuwa nimerukwa na akili. Koti lenyewe ndilo lilikuwa hema. Muuzaji alinadi "tatu kwa moja": mchana unalivaa, linafunika na begi mgongoni, usiku unalifunga kamba unalala chini yake. Hakusema kwamba ukitaka kuhamia kwenye nyumba hiyo lazima kwanza uivue mwilini. Nilipomaliza kufunga kamba ya pili shati lilikuwa limegandana na mgongo, na begi, ambalo nalo lilikuwa limevuliwa kifuniko, lilikuwa limekaa pembeni linakunywa maji.

Bado natembea na kitu cha aina ile ile, na ndicho nilichokiweka namba moja hapa chini. Nilichobadilisha ni namna ya kukitumia.

Kabla hujatoa hela jiulize kati ya kazi hizo tatu ipi utaifanya kila siku. Wengi wetu tunaotembea milima ya huku hatulali porini mara nyingi. Ukitoka Lushoto kwenda Mtae kwa miguu unalala gesti, au kwa masista Rangwi, au kwa mwenyeji aliyekuonea huruma. Uluguru wengi wanapanda asubuhi na jioni wako Morogoro wanakula chipsi. Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila muongozaji, na hema lako linabebwa na wapagazi. Kwa hiyo mvua utatembea nayo karibu kila siku ya masika, ila kulala chini ya kitambaa ni dharura, au ni starehe ya mara moja moja. Kitu kikiwa hema zuri lakini koti baya, utakichukia ifikapo saa nne asubuhi.

1. Poncho-turubai ya poliesta

Ni kipande cha mstatili chenye kofia katikati, vifungo vya kubana ubavuni na ringi au vitanzi pembeni. Zile nzuri zina urefu wa mita 2.6 hivi kwa upana wa mita 1.45, na uzito wake hauzidi mfuko wa sukari wa nusu kilo. Nyingi ziko chini ya hapo sana. Cha kupima kwanza ni upana. Funga ukingo mmoja kwenye kamba iliyo sentimita 90 kutoka chini, ukingo wa pili ubane ardhini kwa vigingi: unabaki na sakafu kavu yenye upana wa mita 1.1 hivi. Hapo anaenea mtu mmoja na begi lake. Mkiwa wawili, muwe mnapendana.

Zile za bei nafuu zinazojaa kwenye maduka ya mtandaoni huwa na urefu wa mita 2.2 hivi. Kwa mtu wa kimo changu, mita 1.75, zinatosha kama koti, ila usiku miguu inakuwa karibu mno na ukingo na matone yanayorukia kutoka ardhini yanakufikia. Ukiwa mfupi kuliko mimi, chukua, okoa hela yako.

Kwa nini poliesta na si nailoni? Nailoni ikilowa hunyonya maji kidogo, ikatanuka na kulegea. Unaenda kulala kitambaa kimekaza kama ngoma, unaamka usiku kimekushukia usoni. Poliesta nayo hulegea, lakini kidogo tu.

Kubwa zaidi, hasa ukiishi Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, ni dawa iliyopakwa kwenye kitambaa kuzuia maji. Ziko za aina mbili: poliyurethani na silikoni. Poliyurethani ni ya bei rahisi, na mishono yake inaweza kuzibwa kiwandani kwa utepe. Tabu yake ni kwamba joto na unyevunyevu huimega taratibu. Poncho yangu ya kwanza ilikaa kabatini Tanga mwaka na nusu, imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wake. Siku naikunjua ilitoa sauti ya plasta inayobanduliwa kwenye kidonda, upande wa ndani unanata vidoleni, na harufu yake ni ile ya mtoto mchanga aliyetapika maziwa. Niliifua mara mbili. Ikifika hapo haiponi, inatupwa. Silikoni haina ugonjwa huo, ndiyo maana mtu wa pwani namshauri aongeze hela achukue ya silikoni.

Ila ya silikoni utaiziba mishono mwenyewe, kwa sababu utepe haushiki juu yake. Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Nunua tyubu ya silikoni angavu, ile ya mafundi wa madirisha ya aluminiamu, ichanganye na tapentaini ya rangi hadi iwe kama uji mwepesi, pakaza kwa mswaki kuukuu juu ya kila mshono, hasa pale kofia inapoungana na kitambaa. Iache hadi kesho yake. Fanyia nje, harufu ya tapentaini si ya chumbani.

Kwenye lebo utaona namba ya milimita: 1,500, 3,000, hata 10,000. Huo ni urefu wa nguzo ya maji ambayo kitambaa kinaihimili kabla ya kuanza kuvujisha. Kwa paa, 1,500 inatosha. Panapogandamizwa, kama mabegani chini ya mikanda ya begi au unapokalia, 3,000 ni bora. Poncho ya 10,000 ni kulipia namba. Kama hakuna lebo, kama ilivyo kwenye nusu ya vitu vya mitumba, weka kitambaa mdomoni uvute pumzi. Hewa ikipita, dawa imekwisha. Kisha kiinue kwenye mwanga utafute vitobo kama vya sindano.

Kasoro zake nazijua vizuri. Kwenye mteremko huoni miguu yako, na upepo ukiingia chini poncho inageuka tanga la jahazi. Funga kamba kiunoni. Na ile jioni ya Lushoto haijajirudia tangu nilipojifunza utaratibu: kamba inakaa mfuko wa nje wa begi, imeshaunganishwa kitanzi upande mmoja, naifunga kati ya miti miwili nikiwa bado nimevaa poncho, navaa jaketi jepesi la upepo, ndipo navua, na ndani ya dakika mbili niko chini ya paa. Shingo ya kofia naisokota kama mdomo wa kiroba, naifunga kwa uzi na kuivuta juu. Usipofanya hivyo, tone moja litakudondokea kifuani hadi alfajiri.

2. Turubai jepesi la mita 3 kwa 3, na mwavuli

Huku ni kukiri kwamba kitu kimoja hakiwezi vyote, ukabeba viwili. Kama unalala nje zaidi ya usiku mmoja kwa safari, au mko wawili, hii inapanda kuwa namba moja bila mjadala. Turubai la ukubwa huo likifungwa kama paa la nyumba, kilele mita moja, linawapa sakafu yenye upana wa mita 2.2 hivi. Mnaenea nyote, mabegi, na jiko la kuchemshia chai. La kitambaa cha gramu 50 kwa mita ya mraba lina uzito wa chini ya nusu kilo.

Wapo wanaocheka mwavuli mlimani. Waache wacheke. Chini ya mwavuli hewa inapita, hutoki jasho, na jioni unachuchumaa chini yake ukipanga kamba zako bila haraka. Kwenye kingo za wazi kama pale Mtae, ambako upepo unapanda kutoka tambarare za Mkomazi, upepo huo utaugeuza mwavuli nje ndani. Na radi ikianza, ufunge.

Begi je? Vifuniko vya begi vya kuuzwa sivipendi, maji hupita mgongoni palipo wazi. Kinga ya kweli ni ya ndani. Wazungu hutumia mfuko wa taka. Kwetu, tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania Juni 2019, kitu bora kabisa kimebaki kwenye duka la pembejeo: mfuko wa PICS wa kuhifadhia mahindi. Una kiroba nje na mifuko miwili mizito ya plastiki ndani. Kiroba mpe mama wa nyumbani aweke mkaa. Mfuko mmoja wa ndani utandaze kwenye begi, pakia, sokota mdomo. Ni wa gunia la kilo 100, hivyo unaenea begi lolote na kubaki. Wangu una misimu mitatu.

3. Kushonesha kwa fundi

Ukipata kitambaa kizuri cha parachuti kilichopakwa dawa, fundi wa maturubai na viti vya magari anaweza kukutengenezea kitu kinachokaribia namba moja kwa hela ndogo zaidi. Mweleze mambo mawili: asitoboe katikati ya kitambaa bila sababu, kwa sababu kila tundu la sindano ni bomba, na pembeni ashone vitanzi vya mkanda vilivyorudiwa mara mbili, si ringi za chuma zinazochomoka. Mwachie kofia ya koti la mvua kuukuu aiunganishe. Wa kwangu alishona kofia ikaangalia nyuma. Tulicheka, akafumua.

4. Poncho-hema ya kampuni ndogo za Marekani

Inayojulikana zaidi ni Gatewood Cape ya Six Moon Designs. Unaivaa kama joho. Usiku unaisimamisha kwa fimbo moja ya kutembelea na vigingi sita, inakuwa hema la pembe linalofunga pande zote. Uzito wake ni kama gramu 300. Imepewa jina la Emma Gatewood, bibi aliyetembea peke yake njia yote ya Appalachian, ile njia ndefu ya miguu ya Marekani, mwaka 1955 akiwa na miaka 67, amevaa raba za kawaida, vitu vyake kwenye mfuko aliojishonea, na kinga yake ya mvua ikiwa pazia la bafuni. Kila nikiona bei ya hilo joho, zaidi ya dola 100 kabla ya usafiri na ushuru, namkumbuka bibi na pazia lake.

Ni kifaa safi. Nimekiweka namba nne kwa sababu ya hela tu, na kwa sababu kikichanika Mombo hakuna wa kukupa spea. Ukiwa na ndugu anayerudi kutoka Marekani, muagize.

5. Turubai la bluu la dukani

Kila duka la vifaa vya ujenzi linalo. La mita 3 kwa 4 lina uzito wa kilo moja hivi, linapiga kelele usiku kucha, na huwezi kulivaa, labda ujifunike kama gunia. Lakini mkiwa kundi la watu watano, hakuna kinachoshinda bei yake. Ringi zake zikichomoka, weka kokoto ndani ya kitambaa, zungushia kamba kwa nje, ukaze. Inashika kuliko ringi.

6. Poncho ya jeshi

Ndiyo mama wa vifaa hivi vyote. Poncho mbili za jeshi la Marekani huunganishwa kwa vifungo zikawa hema la watu wawili. Ni imara, ila nzito. Na hapa kwetu ina jambo lingine: usinunue yenye mabakabaka, hata ukiikuta mtumbani kwa bei ya kutupa. Raia kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi ni kosa. Mwaka 2023 jeshi la Tanzania, JWTZ, lilitoa siku saba watu wayasalimishe. Kenya na Uganda nako hawachezi na jambo hilo. Ya kijani tupu sijaona mtu akisumbuliwa nayo, lakini kwa nini ujitafutie maelezo ya kutoa kwenye kizuizi cha barabarani?

Nje ya orodha

Yapo mabegi yanayotangazwa kwamba yanakunjuka kuwa hema au kitanda. Nimelishika moja. Ukilikunjua, vitu vyako vyote vinakuwa chini kwenye matope, na begi la kesho ni hema bichi la jana. Hapana.

Jambo ambalo muuzaji wa vitu hivi vyote hatakuambia: havina sakafu wala wavu. Ongeza chandarua chepesi cha duara ukitundike chini ya paa, kwa sababu ya mbu, na ukipindie chini ya mkeka. Kabla ya kufunga kamba, tembea hatua kumi kila upande na tochi ukitafuta mstari mweusi wa siafu. Nimewahi kuhama saa nane usiku, nimebeba turubai kichwani kama mwali, kwa sababu sikufanya hivyo. Na kwenye misitu ya tembo na nyati, kama Aberdare kule Kenya, kitambaa kilicho wazi hakifai; lala kwenye kambi rasmi.

Ukirudi nyumbani, kianike kivulini hadi kikauke kabisa, mishono nayo. Usikikunje kwenye kile kimfuko chake kidogo. Kitundike kabatini kwenye henga, pembeni ya kanzu.