TAHADHARI: Propela "zilizopikwa" za boti za rimoti, mimi nshapigwa changa la macho

Wakuu habari zenu, hii ntaandika ndefu kidogo mnivumilie, manake bado nina hasira na sitaki mwingine aingizwe mjini kama nilivyoingizwa mimi. Kuna jamaa anauza mtandaoni propela za shaba ya beriliamu (shaba iliyochanganywa na beriliamu kidogo) za boti za rimoti za mbio, anasema zimeshapikwa kwa moto zikawa ngumu, zimenolewa, zimebalansiwa, kazi yako ni kufunga nati na kushusha boti majini. Bei yake mara tatu ya propela ghafi, yaani ambayo haijapikwa wala kunolewa. Na kama una zako anasema mtumie akupikie. Mimi kwa tamaa nikafanya vyote viwili, nikanunua tatu na nikamtumia mbili zangu, X440 za kampuni ya Octura ambazo nilikuwa nimezihifadhi muda mrefu.

Picha zake ndo zilinimaliza. Propela imewekwa juu ya kitambaa cheusi, mapanga yana rangi ya zambarau inayoingia kwenye bluu kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji, we ukiona unasema hapa moto umepita kweli. Moto ulipita ndio, ila ntaeleza ulipita vipi.

Kwa wale wageni, kwa nini mtu ahangaike na ugumu wa kidude cha milimita 40? Mota ya KV 2000 (yaani mizunguko 2000 kwa kila volti) kwenye betri ya lipo ya 4S, volti 14.8, bila mzigo ni karibu mizunguko 29,600 kwa dakika. Tuseme ikiwa majini inabaki 25,000. Hapo gramu moja iliyoko kwenye ncha ya panga inavuta kwenda nje kama uzito wa kilo 14. Gramu moja tu! Yan ukikosea balansi kwa sehemu moja ya kumi ya gramu, shafti yako inapigwa na karibu kilo moja na nusu inayozunguka zaidi ya mara 400 kwa sekunde. Halafu boti zetu propela iko nusu majini nusu hewani, kila mzunguko panga linatoka kwenye hewa linagonga maji upya. Panga laini haliwezi kuvumilia hilo, litajikunjua taratibu au litakatika kwenye shina.

Basi mzigo ukafika. Kitu cha kwanza nilichoona kwenye mfuko wa nailoni ni vumbi, vumbi laini la rangi ya dhahabu limeganda kwenye kona za mfuko. Hapo hapo ningetakiwa nishtuke. Jamaa anasaga shaba ya beriliamu kavu na vumbi lake anamfungia mteja! Beriliamu ikiwa kipande kizima haina shida, shika tu, lakini vumbi na moshi wake ukivuta unaweza kupata ugonjwa wa mapafu usiopona, na watu wengine miili yao inaanza kuikataa kwa kiasi kidogo sana. Marekani mwaka 2017 walishusha kiwango kinachoruhusiwa kwenye hewa ya kazini kutoka maikrogramu 2 kwa mita ya ujazo mpaka 0.2, ujue hapo siyo mchezo. Msasa wa hizi propela ni wa maji, siku zote, na tope lake unalifuta na kitambaa chenye maji unakitupa, hupulizi na mdomo. Mimi nilishapuliza ule mfuko kabla sijafikiri, basi tena.

Nikafunga moja kati ya zile tatu nilizonunua. Raundi ya kwanza safi, ya pili safi, nikasema kumbe nimelamba dume. Raundi ya tatu nikiwa nimebana triga mpaka mwisho nikasikia mlio umebadilika, kutoka ule mluzi wa kawaida ukawa kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo, mkia ukaanza kucheza, na kabla sijaachia boti ikalala ubavu. Kuivuta nje, panga moja limejikunjua kama ganda la ndizi, lingine liko vile vile. Mkono unaoshika shafti umepasuka, maji yameingia kwenye bodi, spidi kontrola, kile kifaa kinachoongoza kasi ya mota, imekunywa maji ikafa. Propela moja, hasara ya boti nzima.

Nyumbani nikachukua tupa ndogo, nikapaka mafuta, nikasugua kidogo kwenye kitovu cha moja ya zile mbili zilizobaki nzima. Chini ya ile zambarau ikatokea njano ya brasi (shaba na zinki) kabisa, njano ya kitasa cha mlango. Shaba ya beriliamu ukiikwangua ina wekundu kidogo, ukiziweka mbili pamoja huwezi kuchanganya. Na brasi wadau haipikwi ikawa ngumu. Brasi inapata ugumu kwa kugongwa na kukunjwa, moto unailainisha. Kwa hiyo huyu jamaa kachukua brasi, ambayo ilikuwa na ugumu wake kidogo, kaichoma na gesi ili ipate rangi nzuri ya picha, akaifanya laini zaidi kuliko alivyoinunua, akaniuzia mara tatu. Huu wizi una ubunifu jamani.

Sasa zile X440 zangu mbili. Hizo ni zenyewe, hakubadilisha, alama yangu niliyokwangua ndani ya kitovu ipo. Nikachukua propela ghafi nyingine ya aina hiyo hiyo ambayo haijawahi kuona moto, nikapitisha tupa ile ile kwenye zote kwa nguvu ile ile. Alizozipika yeye tupa inazama kirahisi kuliko ile ghafi! Nikambonyeza, tulikuwa bado tunaongea wakati huo, nikamuuliza wewe unapikaje? Akajibu kwa kujiamini kabisa, "bro naweka moto mpaka inakuwa nyekundu kabisa halafu natumbukiza kwenye maji baridi, ndo inakaza."

Hivyo ndivyo unavyofanya kisu cha chuma cha kaboni. Shaba ya beriliamu ni kinyume chake. Ukiipeleka kwenye karibu nyuzi 790 ukaizamisha majini, inakuwa laini, hiyo ni hatua ya kuilainisha. Ugumu unakuja baadaye ukiirudisha kwenye moto mdogo, nyuzi 315 hadi 340 hivi, inakaa humo kwa muda wa kama saa 3 inatulia tu, ndani kule beriliamu inajitenga kwenye vichembe vidogo mno vinavyozuia metali isiteleze. Ikitoka hapo inaweza kufika karibu 40 kwenye kipimo cha ugumu wa metali cha Rockwell C, wakati kabla yake hata kwenye hicho kipimo cha C haistahili kupimwa. Na hiyo inataka tanuri lenye kipimajoto cha kuaminika, siyo gesi ya kuchomelea, na siyo oveni ya kupikia chakula, kwanza nyingi hazifiki huko na pili ni oveni ya chakula jamani.

Nikamuuliza swali lingine la mtego, nikitaka kukunja ukingo wa panga kidogo ili ishike maji zaidi nikunje lini? Akasema wakati wowote kaka. Hapo nikajua sina mtu wa kuongea naye. Kukunja na kuchonga unafanya kabla, ikiwa laini, ndo unapika, ndo unamalizia balansi. Ukikunja ikishakuwa ngumu inapasuka, tena ufa wenyewe unaweza usiuone mpaka siku iko majini. Vivyo hivyo anayekwambia atakuongezea nguvu kwa kulehemu fedha kwenye shina la panga la propela iliyokwisha pikwa, mkimbie, joto la kulehemu linafuta ugumu wote.

Kuhusu balansi sitaki hata kuongea. Niliziweka zote kwenye kibalansi cha sumaku, panga lile lile likadondoka chini kila nikigeuza. Hakuna mtu aliyegusa kitu. Kanitumia na cheti cha ugumu, karatasi moja ina namba moja kwa propela zote tano, brasi na beriliamu zimetoka sawa mpaka nukta ya desimali.

Kwa hiyo ukikutana na tangazo la namna hii angalia rangi. Iliyokaa kwenye tanuri saa 3 inatoka na weusi au ukahawia uliotawanyika sawa kila mahali, haina urembo. Ukiona zambarau kwenye ncha na bluu katikati na kitovu kinang'aa, hapo ni mtu kashika gesi mkononi. Muulize nyuzi ngapi na kwa muda gani, akikujibu "mpaka nyekundu" funga simu. Na ukishanunua usiifunge kwenye boti kabla ya kuipitishia tupa pamoja na ghafi, kwenye kitovu, na mafuta.

Nilipodai pesa yangu akasema propela ikishaingia majini hairudishwi, nikamwambia mbili hazijaingia, akanibloku. Wiki iliyofuata nimeona picha zile zile, kitambaa kile kile cheusi chenye kidoa cheupe kona ya kushoto, akaunti jina jipya. Kaeni macho na hicho kidoa.

Zile brasi ni za kutupa. X440 zangu zinaweza kupona, kwa vile kulainishwa siyo kufa, kama hakuzizidishia moto mpaka zikaanza kuyeyuka ndani zikirudishwa kwenye nyuzi 315 saa zake 3 zinakaza vizuri tu. Mwenye tanuri lenye kipimajoto, la kweli, anicheki, na aniambie mwenyewe anapika kwa nyuzi ngapi kabla sijamwambia.