Shahada ya kemia na ualimu hapa Unguja: uzoefu wangu

Nimemaliza shahada ya sayansi na ualimu, kemia na baiolojia, katika chuo kimoja hapa Unguja. Ningeambiwa nichague tena leo, ningechagua hii hii. Ila nataka anayejaza fomu ajue anajaza nini, maana wengi wanaingia wakidhani watasoma kemia ya kidato cha sita iliyorefushwa.

Miaka ni mitatu, kila mwaka mihula miwili. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya kwanza haipungui krediti 360, na krediti moja inahesabiwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi: darasani, maabara, kujisomea, hata mtihani wenyewe. Kwa mwaka zinafika saa 1,200. Tatizo ni kuwa saa hizo si za kemia peke yake. Somo la pili linataka zake, na ualimu unataka zake: saikolojia ya elimu, mitaala, mbinu za kufundishia, upimaji. Likizo nayo unaikuta imeliwa na mazoezi ya kufundisha maskulini.

Mwaka wa kwanza unawasawazisha watu. Muundo wa atomu, bondi, moli, asidi na besi, na mlango wa oganiki, yaani kemia ya misombo ya kaboni. Waliotoka skuli zenye maabara nzuri huuona mwepesi wakajiachia. Msijiachie. Mwaka wa pili kemia fizikali, sisi tukiita fizikali tu, inaingia na themodinamiki (elimu ya joto na nishati) na kasi ya mmenyuko, na hapo hakuna anayekufundisha kalkulasi upya. Unatakiwa uje nayo. Sisi tuliotoka PCB (fizikia, kemia na baiolojia), tuliosoma hesabu za BAM tu, yaani zile za msingi, tulipata tabu khasa. Walionivusha mimi ni wenzangu wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) pale dahalia, tukikaa na maswali mpaka usiku mkubwa. Mwaka wa tatu ndio wenye utamu: spektroskopia, metali za mpito, kemia ya mazingira, na mradi wako mwenyewe.

Nilipoanza kuelewa kwa nini kozi zimepangwa vile ni kwenye maabara ya oganiki, tulipokeneka mafuta ya karafuu kwa mvuke. Mimi ni mtoto wa Pemba. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, kinachokeneka mafuta ya karafuu, nakijua tangu udogo, harufu yake naijua, lakini sikuwa najua mafuta yanatokaje. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni yujenoli, na yujenoli ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 254 hivi za Selsiasi. Ndani ya chupa yetu ilikuwa inatoka pamoja na mvuke kabla hata ya nyuzi 100. Jibu tulikuwa tumeshapewa kwenye fizikali: vimiminika viwili visivyochanganyika, kila kimoja hutoa mgandamizo wake wa mvuke kana kwamba mwenzake hayupo, na jumla yake ikifikia mgandamizo wa hewa, vyote viwili vinachemka. Oganiki nayo ikatuonesha kuwa yujenoli ina kundi la fenoli, lenye tabia ya asidi dhaifu, kwa hiyo inayeyuka kwenye sodiamu haidroksaidi, na ukitia asidi mafuta yanarudi. Tukalithibitisha kundi lenyewe kwa feriki kloraidi, rangi ikabadilika mbele ya macho yetu. Jaribio moja lilikusanya kozi zaidi ya moja. Kwa hivyo ukibeba sapu ya fizikali, yaani mtihani wa kurudia, usihesabu umefeli somo moja. Mwaka unaofuata utakuwa unafuata maelekezo ya maabara bila kuelewa unachokifanya.

Alama kwetu ziligawiwa 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho, na ripoti za maabara zinaingia kwenye zile 40. Mtu makini anaweza kuingia mtihani akiwa na mzigo mwepesi.

Linaloniuma ni maabara kubanwa. Bureti moja, ule mrija wa kupimia kimiminika, wanafunzi kundi zima: mmoja anafungua koki, mmoja anaangalia rangi, waliobaki wananakili namba. Titresheni, kazi ya kudondosha kimiminika mpaka rangi ibadilike, haisomwi kwa kunakili. Mkono lazima uzoee mpaka vipimo vyako viachane kwa mililita 0.1 tu, na huyu aliyenakili ndiye kesho atakayesimama mbele ya watoto wa skuli kuwafundisha. Chuo kinachotoa walimu wa kemia kingeanza kununua bureti kabla ya projekta.

Na anayetaka kazi ya maabara, kwa Mkemia Mkuu wa Serikali au Taasisi ya Viwango, aipime vizuri shahada hii. Inakupa msingi, lakini theluthi nzima ya nguvu zako inakwenda kwenye ualimu. Huyo namshauri aangalie shahada ya kemia tupu, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayetaka kusomesha, akae hapa hapa.

Kabla ya kujaza fomu, nenda chuoni siku ya maabara. Uliza kundi moja lina watu wangapi, na uliza kama somo lako la pili linagongana na maabara ya kemia kwenye ratiba. Ukichukua baiolojia, jua una maabara za masomo mawili na ripoti zake. Ukichukua hesabu, maabara ni za kemia tu, na fizikali haitakutisha.