Vinili ya kubandika kwa joto: ununue ipi kwanza?

Wengi wetu tunaoshona mikoba, aproni na foronya kwa mikono yetu huchagua vinili, ile plastiki nyembamba inayokatwa mchoro na kubandikwa kwenye kitambaa kwa joto, kwa kuangalia rangi. Anza na kitambaa. Vinili isiyopatana na kitambaa itabanduka kwenye beseni la kufulia, na kazi ya siku mbili itakuwa imepotea.

Ninayoiweka ya kwanza, bila kusita, ni vinili laini ya poliyurethani, ile inayoandikwa PU. Ni nyembamba, hukatika vizuri hata kwenye herufi ndogo za mwandiko, na hushika pamba, poliesta na mchanganyiko wa hivyo viwili. Nyingi hutaka nyuzi joto 150 hadi 160 za Selsiasi kwa sekunde 10 hadi 15. Ukiishika, ikunje: PU huinama pamoja na kitambaa, ilhali vinili nene ya PVC, aina nyingine ya plastiki, hukakamaa kama jalada la daftari. Kama pesa yako inatosha aina moja tu, nunua hii, nyeusi na nyeupe.

Ya pili ni vinili ya kunyumbulika, kwa nguo za mazoezi na chochote kinachovutika. Ile ya kawaida hupata nyufa pale nguo inapovutwa.

Ya tatu ni ya mahameli. Ni nene na laini mkononi, nzuri mno kwenye mito, ila usiikatie michoro midogo.

Ya nne, ya kumetameta. Inapendeza kwenye mkoba, lakini ni ngumu, na uso wake wenye chembechembe haushiki vinili nyingine. Ukipanga rangi juu ya rangi, hiyo iwe ya juu kabisa.

Ya mwisho ni ya dhahabu na fedha inayong'aa kama kioo. Hiyo iachie mapambo ya ukutani, kwa sababu kufuliwa mara kwa mara huichosha.

Jihadhari na poliesta yenye rangi kali. Niliwahi kubandika jina jeupe kwenye mfuko mwekundu wa poliesta; siku chache baadaye jina lilikuwa la waridi. Joto huamsha rangi ya kitambaa ikapanda juu. Kwa kazi hiyo tafuta vinili yenye tabaka la kuzuia rangi. Nailoni nayo ina vinili yake.

Mashine ya kubandikia si lazima mwanzoni. Pasi inatosha: zima mvuke, tumia meza ngumu, pasha kitambaa kwanza kitoe unyevu, kisha kandamiza bila kusugua. Kwa pochi yenye zipu, ingiza taulo lililokunjwa ndani, chini ya mchoro, ili sehemu hiyo iinuke kuliko mishono. Mchoro uukate ukiwa umegeuzwa kama kwenye kioo.

Kabla ya kulipa, soma lebo: plastiki ya juu, ile inayobeba mchoro hadi ushike kitambaa, hubanduliwa ikiwa ya moto au ikishapoa? Ukikosea hapo, herufi huondoka na plastiki. Ukimaliza, subiri saa 24 kabla ya kufua, na ufue nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje.