Rafu ya wasifu wa watoto katika duka moja la vitabu mjini Iringa

Maduka ya vitabu mjini Iringa hujaa watu mwezi Januari, wazazi wanapokuwa na orodha ya mahitaji ya shule mkononi. Hununuliwa madaftari, kalamu na vitabu vya kiada, kisha mwaka mzima hupita bila mzazi kurudi. Duka ninaloliandikia hapa, lililo hatua chache kutoka Soko Kuu, halina tofauti na mengine ukilitazama kutoka mlangoni. Upekee wake uko nyuma, ambako mwenye duka ameweka rafu moja ndefu ya vitabu vya picha vinavyosimulia maisha ya watu waliofanya jambo la kukumbukwa, na mbele ya rafu hiyo ametandika mikeka miwili. Nimekwenda pale na wanangu wawili, mmoja wa darasa la nne na mwingine wa darasa la kwanza, karibu kila Jumamosi tangu masika yaliyopita, na kwa kuwa mimi pia ni mwalimu wa shule ya msingi, nimevisoma vitabu vile kwa jicho la mama na kwa jicho la mtu anayejua jinsi darasa la watoto sitini linavyochoka haraka.

Niseme mapema kipimo ninachotumia. Kitabu cha wasifu cha mtoto huharibika pale mwandishi anapoanza na sifa. Kwamba fulani alikuwa shujaa, mchapakazi na mpenda nchi yake ni maneno ambayo mtoto huyasikia mstarini kila asubuhi, na hayamwonyeshi mtu yeyote. Ninachotafuta ni ukurasa ambao mhusika bado hajulikani, amekosea au amechekwa, na hajui mambo yake yataishia wapi. Mtoto akimkuta mtu huyo hapo, humfuata mpaka jalada la mwisho.

Kwa kipimo hicho, kitabu bora kwenye rafu ni kile cha Erasto Mpemba. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, mkoani Tanga, ambako wanafunzi walitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka kwenye friji. Siku moja nafasi ilikuwa haba, naye kwa kuhofia kuikosa akayaweka ya kwake yangali moto. Alipofungua baadaye, alikuta yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alipomuuliza mwalimu sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Mchoraji ametumia kurasa mbili nzima kumwonyesha kijana huyo peke yake mbele ya friji, akiwa ameshika kifuniko na kukunja uso, bila neno hata moja. Baadaye, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Mkwawa, hapa hapa Iringa, alilirudia swali lake mbele ya mgeni aliyefika shuleni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Wenzake walimcheka. Osborne aliporudi chuoni aliagiza jambo hilo lipimwe, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha makala pamoja. Hadi leo wanasayansi huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba, na bado wanabishana kuhusu chanzo chake na hata kuhusu lini hasa hutokea.

Shule ile ya Mkwawa ndiyo iliyokuja kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Mkubwa wangu alipofika ukurasa huo aliweka kidole juu ya jina la Iringa na kuniuliza, "Mama, alikuwa hapa? Hapa kwetu?" Jioni hiyo alijaza vikombe viwili vya maji, kimoja cha moto na kingine cha baridi, akaviweka kwenye friji yetu na kukaa jikoni na sweta lake kama mlinzi wa zamu. Kikombe cha baridi kiliganda kwanza. Hakuvunjika moyo hata kidogo. Alisema tutarudia kwa maziwa yenye sukari, kwa sababu Mpemba hakutumia maji matupu. Miaka yangu ya kufundisha sayansi haijanipa jibu zuri kuliko hilo kutoka kwa mtoto wa umri wake.

Kitabu cha John Stephen Akhwari ni kifupi na kinajua kinachotaka kusema: mbio ndefu za Olimpiki za mwaka 1968 kule Mexico City, goti lililoteguka baada ya kuanguka, na Mtanzania anayeingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Mdogo wangu hawezi bado kusoma sentensi zote, lakini anahesabu bandeji kila tunapokifungua. Cha Wangari Maathai, Mkenya aliyewahamasisha akina mama kupanda miti, nacho kinapendeza, ingawa kinakimbia mno kutoka miche ya kwanza ya mwaka 1977 hadi Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, na mtoto wa Nyanda za Juu Kusini, anayeona mipaini na milingoti ikipandwa ili ikatwe mbao, angehitaji maelezo zaidi kuhusu kwa nini akina mama wale walipanda miti wakiwa na haja ya kuni, maji na udongo usiochukuliwa na mvua.

Kuhusu Siti binti Saad nilikuwa na matumaini makubwa, na sehemu yake yametimia. Fani ya wasifu si ngeni katika Kiswahili. Shaaban Robert mwenyewe aliandika wasifu wa mwimbaji huyu. Kitabu cha picha kinamwanzia pale panapofaa, kijijini Fumba, Unguja, akiwa binti anayetembeza vyungu na kunadi kwa sauti ambayo watu waliitambua kabla hawajamwona. Michoro ya vyungu ni ya mtu aliyewahi kuvitazama kweli. Safari ya kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo imeelezwa vizuri pia. Lakini jina alilopewa utotoni, Mtumwa, limeachwa, na kwa kuliacha, mtoto hapati kujua ni umbali gani mtu huyo alitembea mpaka kuitwa Siti, yaani bibi wa heshima.

Kasoro ya namna hiyo ni kubwa zaidi katika kitabu cha Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na hapa nina uchungu nayo, kwa kuwa ndicho kitabu ambacho kila mgeni wa duka hili huanza nacho. Vita vya Lugalo vya Agosti 1891 vimechorwa kwa ustadi, nyasi ndefu, vumbi na mikuki, na kuanguka kwa ngome ya Kalenga mwaka 1894 kumepewa ukurasa wenye giza linalostahili. Kisha kitabu kinaruka. Mwaka 1898, kifo chake Mlambalasi, fuvu lililochukuliwa na kurudishwa mwaka 1954, yote hayamo. Naelewa woga wa mchapishaji, kwani kumweleza mtoto kwamba mtu alijiua kuliko kutekwa ni kazi nzito. Lakini mtoto wa Iringa atapelekwa makumbusho ya Kalenga na shule yake, atalikuta fuvu lile kwenye sanduku la kioo, na atauliza. Kitabu kilikuwa na nafasi ya kumwandaa kwa maneno ya upole, nacho kikamwachia mzazi kazi yote.

Vitabu vingi nilivyonunua ni imara, ila kimoja kiliachia kurasa za kati baada ya wiki tatu za kusomwa, na mwenye duka alikibadilisha bila maneno. Bei ni wastani kwa vile vilivyochapwa nchini; vinavyotoka nje vinauma. Karibu nusu ya rafu ni Kiingereza, na nadhani mzazi asinunue hivyo kwa kutamani tu kwamba mtoto atajifunza lugha humo. Mtoto wa darasa la kwanza akikutana na maisha ya mtu katika lugha asiyoielewa, huishia kutazama picha na kukirudisha. Nimemwomba mwenye duka aongeze vya Kiswahili, naye alinionyesha daftari ambamo huandika maombi ya wateja. Ombi langu lilikuwa la tano la namna hiyo katika ukurasa mmoja.

Kinachonirudisha pale kuliko yote ni usomaji wa Jumamosi. Mwenye duka, ambaye watoto wote humwita Bibi ingawa hajafikia umri huo, huwapokea kwa kuwangoja wamwamkie shikamoo mmoja mmoja, kisha huwasomea kitabu kimoja tu, polepole, na kusimama katikati, pale mhusika anapokuwa amekwama. Hapo huwauliza wangefanya nini. Nimemsikia mtoto wa Kihesa akisema angemwacha Akhwari apande gari la wagonjwa, na mwingine akimpinga mpaka sauti zikapanda, na Bibi akawaacha wabishane kabla ya kufungua ukurasa uliofuata. Hatozi kitu, na halazimishi mtu kununua.

Usomaji huanza saa nne asubuhi. Fikeni mapema, kwa sababu mikeka hujaa haraka na watakaochelewa hukaa kwenye sakafu, ambayo Juni na Julai huwa baridi sana kwa watoto. Kitabu cha Mpemba kilikuwa kimebaki nakala mbili nilipoondoka Jumamosi iliyopita.