Kabla Hujanunua Programu ya Kadi na Mabango, Itizame Mitindo ya Leya

Mfungo Mosi ukishaandama, mezani kwangu hapa Chake Chake kadi za harusi hazikatiki. Kila anayekuja anataka jina la bi harusi liwe la dhahabu, herufi zimeinuka kama zimetoka kwa sonara, na kivuli laini chini yake. Vijana wanaoanza kazi hii wananiuliza swali moja: ninunue programu gani? Wengi wao wanapima kwa wingi wa vitufe au kwa umaarufu. Mimi nawaambia watizame mitindo ya leya kwanza. Leya ni tabaka: maandishi, ua na mandhari kila kimoja kinakaa kwenye tabaka lake, moja juu ya jengine.

Nililijua hilo kwa taabu. Nilikuwa nafanya kazi katika steshenari moja mjini Unguja, na jioni moja akaja mzee, kashika kadi ya sampuli. "Mwanangu, jina la baba yake bwana harusi limekosewa herufi, na kadi zinatakiwa kesho." Herufi moja tu. Tulipofungua faili tukakuta aliyeitengeneza amezibana leya zote kuwa picha moja. Dhahabu, kivuli na maandishi vilikuwa vimegandana. Tuliianza kadi upya tangu mwanzo, na adhana ya alfajiri ikatukuta bado tuko kwenye printa.

Mtindo wa leya ni maagizo yanayokaa juu ya leya bila kuigusa leya yenyewe. Ukibadilisha herufi, dhahabu inaifuata herufi mpya papo hapo. Photoshop, programu ya kampuni ya Adobe, ilianza kuwa na athari hizi za leya katika toleo lake la 5, mwaka 1998, na leo ina aina kumi: kivuli cha nje na cha ndani, mng'ao wa nje na wa ndani, mwinuko wa kingo, mng'aro wa hariri, rangi ya kufunika, gradienti ya kufunika (rangi zinazobadilika taratibu kutoka moja hadi nyengine), nakshi ya kufunika, na mstari wa ukingo. Programu nyengine nyingi zimeiga hapo, kila moja kwa kadiri yake.

Tuitizame dhahabu yenyewe. Naandika jina kwa fonti nene. Naweka gradienti: kahawia iliyoiva chini, njano katikati, rangi ya maziwa juu kabisa. Mwinuko nauweka pikseli 5, mstari wa ukingo pikseli 2 wa kahawia nzito, kisha kivuli chenye umbali wa pikseli 4, ukolezo wake chini ya nusu. Kivuli kikiwa cheusi tititi, kadi inaonekana chafu ikichapwa. Halafu kuna pembe ya mwanga. Ikiwa jina linapigwa mwanga kutoka kushoto na ua la asumini pembeni linapigwa kutoka kulia, mteja hatajua kuna kosa gani, lakini ataikataa kadi. Programu nzuri inakupa pembe moja inayotawala leya zote, ukiigeuza mara moja vivuli vyote vinageuka.

Jambo la pili ninalolipima ni Kiarabu. Kwetu kadi haianzi bila ya Bismillahi, na bango la maulidi ndiyo zaidi. Kuna programu ambazo ukibandika maandishi ya Kiarabu zinazitawanya herufi, kila moja imekaa peke yake, na neno linaanzia kushoto. Programu ya namna hiyo, hata iwe na mitindo mia, haitakufaa hapa visiwani.

Kwa vipimo hivyo viwili, hivi ndivyo ninavyozipanga.

Ya kwanza, Photopea. Inafunguka ndani ya kivinjari, haisakinishwi, na haidai kadi ya benki. Ivan Kutskir ndiye aliyeitengeneza, na imekuwapo tangu 2013. Mitindo yake ya leya imepangwa karibu sawasawa na ya Photoshop, na faili la PSD, yaani faili la Photoshop, likitoka duka jengine linafunguka na mitindo yake ikiwa hai. Kiarabu inakiunga vizuri. Faili lako linabaki kwenye kompyuta yako, halipandishwi kokote, na ukishaifungua, bando likikatika unaendelea na kazi, isipokuwa fonti mpya hazitashuka. Kasoro zake ni matangazo yanayokula upande mmoja wa skrini (unaweza kulipa dola chache kuyaondoa), na bango kubwa lenye leya nyingi linaielemea laptopu yenye ramu ndogo. Na hifadhi kazi yako kila baada ya muda mfupi. Umeme ukizimika kabla hujahifadhi, usitarajie kuikuta kazi yako pale ulipoiacha.

Ya pili, Photoshop. Kwa ubora wa mitindo peke yake, hii ndiyo ya kwanza. Tangu 2015 unaweza kurudia athari ileile katika leya moja, kwa hiyo jina linazungushiwa mstari mweupe, kisha mwekundu juu yake, kama maandishi ya mgongo wa jezi. Kiarabu iko imara, ila wenye matoleo ya zamani lazima wawashe injini ya maandishi ya Mashariki ya Kati kwenye mipangilio. Nimeishusha kwa sababu ya bei tu. Haiuzwi tena moja kwa moja, unakodi, na kwa bei ya Marekani ni zaidi ya dola 20 kwa mwezi. Soma vizuri unachokubali: mpango unaoitwa wa mwaka lakini unalipwa kila mwezi una ada ukijitoa kabla mwaka haujesha. Ada hiyohiyo ndiyo iliyoifanya serikali ya Marekani kuifungulia Adobe kesi Juni 2024. Mwenye kazi ya kila siku, anayechapisha mabango na kupokea mafaili ya watu, ailipie. Anayefanya kadi tano kwa mwezi, asijitie mzigo.

Nakala za Photoshop za wizi, zinazouzwa kwenye flashi, sizipangi kabisa. Niliwahi kununua moja dukani, ikaniletea virusi, na kazi za miezi minne zikapotea pamoja na mitindo yote niliyokuwa nimeikusanya. Mpaka leo kuna nembo moja ya chupa za mafuta ya karafuu ambayo sijaweza kuirudisha ilivyokuwa.

Ya tatu, Affinity. Hii ilikuwa inauzwa mara moja tu na kampuni ya Serif ya Uingereza. Canva, kampuni yenye programu ya kutengeneza matangazo, iliinunua 2024, na tangu Oktoba 2025 inatolewa bure kwa mwenye akaunti ya Canva, kwa Windows na Mac. Athari zake za leya ni nzuri kweli: vivuli, ming'ao, mwinuko, mstari wa ukingo, gradienti, zote zinabaki hai. Ni nyepesi kuliko Photoshop, na inasakinishwa, kwa hiyo hutegemei bando. Ingekuwa ya kwanza kama si Kiarabu. Matoleo yake mawili ya mwanzo hayakuunga herufi za kutoka kulia, na watu walililalamikia hilo miaka mingi. Wanaotengeneza lebo za viungo au menyu za hoteli za Nungwi, zisizo na Kiarabu, waanze nayo hii bila wasiwasi.

Ya nne, GIMP. Ni bure tangu zamani, na inakwenda hata kwenye kompyuta kuukuu ya skuli. Kwa miaka mingi kivuli chake kilikuwa leya nyengine iliyokufa: ukibadilisha jina, kivuli kinabaki cha jina la zamani. Toleo la 3.0, la Machi 2025, limebadilisha hilo, na sasa athari zinakaa juu ya leya na unaweza kuzirekebisha baadaye. Kiarabu inakisoma vizuri. Lakini dirisha moja la mitindo lenye kila kitu hutalipata, na PSD ya mtu mwengine ikifunguliwa humo hupoteza mitindo mingi. Krita nayo ni bure na ina mitindo ya leya ya kweli, ila imekusudiwa wachoraji zaidi kuliko sisi wa kadi.

Ya mwisho, programu za simu. PixelLab na Canva zinatosha kwa tangazo la kutuma WhatsApp, si kwa kazi ya kuchapa.

Kwa vyovyote utakavyochagua, kuna makosa mawili yatakayokukuta. La kwanza ni mng'ao wa nje kutoonekana kwenye kadi nyeupe. Mng'ao umewekwa kwa hali ya kuongeza mwanga, na juu ya nyeupe hakuna mwanga wa kuongeza. Badilisha hali iwe ya kawaida, au weka kivuli badala yake. La pili ni la ukubwa. Unatengeneza tangazo la pikseli 1080, mteja analipenda, anataka bango la futi sita. Unalikuza, na mstari wa ukingo wa pikseli 4 unakuwa uzi. Photoshop ina chaguo la kukuza mitindo pamoja na picha, na Affinity ina kisanduku cha kuikuza athari pamoja na kitu chenyewe. Kikague kabla hujapeleka kazi kwa mchapaji, na mpelekee PDF pamoja na faili la kazi, kwa sababu programu yake huenda si yako.

Kabla hujatoa pesa, kaa na programu nusu saa. Andika Bismillahi kwa Kiarabu, ivishe dhahabu, hifadhi, funga. Ifungue tena, ubadilishe neno moja, utizame kama dhahabu imelifuata.