Presha kuka ya maharage: kabla hujauliza bei, uliza mpira

Jumbe mnazonitumia siku hizi zinafanana mpaka nadhani anaziandika mtu mmoja. Presha kuka imenunuliwa, maharage yakaiva vizuri kwa miezi michache, halafu mvuke ukaanza kupenya pembeni ya mfuniko. Maji yanakauka, chini kunaungua, juu bado magumu. Ukirudi dukani unajibiwa, "Mpira wake hatuna dada, chukua tu nyingine." Msomaji mmoja wa Mbeya amechukua nyingine, na nyingine tena. Sasa ana tatu kabatini, na maharage anayachemshia kwenye sufuria ya kawaida.

Kwa hiyo leo sitagusa lita, rangi wala idadi ya vitufe. Hayo muuzaji atakuimbia hata usipomuuliza. Nitazungumzia mpira wa mfuniko, kwa sababu hakuna anayeuangalia siku ya kununua na ndio unaoamua kama umenunua chombo au umenunua takataka ya mwakani.

Sisi tusiokula nyama, maziwa wala mayai, jikoni kwetu ni kunde, choroko, mbaazi, dengu, maharage, na Jumamosi makande. Vyote vinataka moto mrefu. Ukiwa Mbeya au Njombe kazi ni kubwa zaidi, maana huko juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, yanaishia kwenye 93 au 95 hivi, na maharage ya zamani hayaivi kwa joto hilo bila kumaliza kopo zima la mkaa. Ndiyo maana watu wanatupia magadi, ambayo yanalainisha kweli lakini yanaharibu vitamini B1 iliyomo. Ndani ya presha kuka mvuke ukibanwa, joto linapanda hadi 115 au 120. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva kwa nusu saa, mengine chini ya hapo. Kinachoubana mvuke huo ni mpira. Ukilegea, una sufuria nzito ya bei mbaya.

Kuna jambo la pili ambalo walaji wa nyama hawatakwambia, kwa sababu wao haliwasumbui. Mpira mweupe wa silikoni unanyonya harufu. Nyumba ambayo mama mkwe anapikia supu ya mbuzi na wewe unapikia mbaazi za nazi kwenye presha kuka hiyohiyo, mbaazi zako zitanukia mbuzi hata chungu kikisuguliwa mpaka kikang'aa. Siki na limau hupunguza, haziondoi. Dawa ni mipira miwili: mmoja wa kwao, mmoja wako, wako uutie alama ya uzi mwekundu na uufiche. Na mipira miwili utaipata wapi ikiwa hata mmoja hauuzwi?

Kwa kigezo hicho, mpangilio wangu ni huu.

Ya kwanza ni Hawkins ya alumini, ya kuweka juu ya gesi. Nina upendeleo na sijifichi. Hii kampuni ya India imekuwepo tangu 1959, na mfuniko wake unaingia kwa ndani kisha mvuke wenyewe unausukuma kubana, kwa hiyo haufunguki mpaka presha ishuke. Nyumba yenye watoto wadadisi, hilo peke yake linanitosha. Ila sababu yangu kubwa ni mpira mweusi, unaochomoka kwa mkono bila bisibisi, na kampuni inauuza kama kipuri, kila ukubwa na wake. Dar es Salaam nimeuona kwenye maduka ya vyombo ya mtaa wa India, umening'inizwa msumarini pamoja na filimbi zake. Muuzaji hakuniuliza "wa nini?" Alinyoosha mkono tu akaniuliza lita ngapi. Kasoro ipo: ukipika mchuzi wa ukwaju au nyanya nyingi, usiulaze humo, alumini na uchachu havielewani. Pakua mapema.

Ya pili ni presha kuka ya umeme ya SESCOM, kampuni ya hapa Tanzania iliyotokana na TaTEDO, shirika ambalo limehangaika na majiko banifu miaka mingi kabla nishati safi haijawa wimbo wa kila mkutano. Hapa unamjua aliyekuuzia, na ukipata tatizo una mlango wa kugonga. Umeme wenyewe hautishi kama watu wanavyodhani. Maharage nusu kilo yanakula kama nusu uniti, na LUKU ya elfu kumi, ukiondoa kodi ya jengo, inakupa uniti 28 hivi. Piga hesabu, kisha linganisha na mkaa wa siku moja. Nimeiweka ya pili kwa sababu mbili: umeme unakatika maharage yakiwa nusu njia, na mpira wake ni ule mweupe wa kunyonya harufu. Nunua wa ziada siku hiyohiyo, usiseme utarudi.

Prestige inafuata. Nayo ya India, na vipuri vyake vinapatikana. Mfuniko wa zile za kawaida unafunga kwa nje, na mimi nimeshazoea wa ndani. Anayeipenda simgombezi.

Zile za umeme zisizo na jina, au zenye jina ambalo mwezi ujao litakuwa lingine, sina mengi. Nyingi za lita 5 na 6 hutumia mpira wa sentimita 22, kwa hiyo kidogo una bahati. Uliza mpira kabla ya kulipa. Usipokuwepo, toka.

Sasa niseme la moyoni. Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Vizuri, napiga makofi. Mitungi ya kilo sita ikagawiwa kwa ruzuku. Lakini anayeleta kontena zima la presha kuka bila kuleta hata boksi moja la mipira, nani anamuuliza? Mtu ananunua kwa nia njema kabisa, mpira unachoka, chombo kizima na waya wake kinatupwa, mama anarudi kwenye mkaa, na takwimu bado inamhesabu kuwa yuko kwenye nishati safi. Halafu kuna wale wenye mpira lakini wanauficha chini ya kaunta, wakakutajia bei inayokaribia nusu ya chombo, kwa sababu wanajua umeshikwa pabaya. Bei ya mpira ikizidi robo ya bei ya presha kuka, huo ni wizi wenye risiti. Na risiti yenyewe mara nyingi mpaka uidai.

Mpira wako ukiwa mzima, utunze. Ukimaliza kuosha, geuza mfuniko juu chini uuweke juu ya chungu, usiubane, maana ukibanwa kila siku unakaa umelala na haurudi. Maharage yasizidi nusu ya chungu, povu lake linaziba njia ya mvuke. Mpira ukiwa mgumu, unang'aa au una mipasuko midogo ukiukunja, umekwisha, usisubiri uvuje.

Na wewe wa Mbeya mwenye tatu kabatini: chomoa mpira wa kila moja, upime upana kutoka ukingo hadi ukingo, uandike namba iliyochongwa juu yake kama ipo. Mpe anayekuja Dar, abebe na mpira wenyewe mkononi, picha ya simu haitoshi. Yule fundi aliyekwambia atakukatia tyubu ya pikipiki, mwambie asante, akazibe nayo pancha.